Kura tano kwa kila stesheni: mwongozo kamili wa kulinda kura, kuanzia kitambulisho mpaka fomu 34A ya matokeo ya rais

Hebu tuanze na hesabu ya darasa la tano. Uchaguzi wa 2022 hapa Kenya William Ruto alitangazwa na kura 7,176,141, marehemu Raila Odinga akawa na 6,942,930. Toa, unabaki na 233,211. Stesheni za kupigia kura zilikua 46,229. Sasa gawanya hio tofauti kwa hizo stesheni uone inakuja ngapi. Kama tano ivi. Tano! Nchi nzima imelumbana, kesi imefika Mahakama ya Juu, na ukiisambaza sawasawa tofauti yote ile ni kura tano kwa kila chumba, yaani nyumba moja ya kina fulani ikiamka na homa hesabu ya chumba hicho imeshabadilika.

Ndio maana mtu akiniambia ati kura huibiwa Nairobi kwa kompyuta namuuliza, wewe siku hio saa nne usiku ulikua wapi? Mimi nimekaa vituoni mara tatu, 2013 nikiwa ajenti, 2017 na 2022 nikiwa mwangalizi, zote huku Kilifi, na mabaya mengi niliyoyaona kwa macho hayakua ya fundi wa kompyuta, yalikua ya watu wamechoka, wana njaa, na chumba kizima hakina mtu mwenye kalkuleta.

Uchaguzi ujao kikatiba ni Jumanne ya pili ya Agosti, manake 10 Agosti 2027. Nimeandika kwa mpangilio wa vile mambo yanavyokuja. Kuna sehemu nimezipita mbio, ya kuhesabu nimekaa sana kwa sababu hapo ndipo penyewe. Kanuni zaweza kurekebishwa kabla ya siku yenyewe kwa ivo mkipewa kitabu cha IEBC (tume ya uchaguzi) kwenye mafunzo kisomeni, msikifanye cha kufungia mahamri.

Hatua ya 1: anza na kitambulisho, sio na mgombea

Wengi huanza kuzungumzia kura miezi miwili kabla, na hapo wale waliofungiwa nje wameshafungiwa zamani. Bila kitambulisho cha taifa au pasipoti huandikishwi, basi. Ile karatasi ya kusubiria kitambulisho haikubaliki, usimdanganye kijana wa watu aende akapange foleni bure.

Sisi wa Pwani hili twalijua vizuri. Wamakonde wa Kwale waliishi hapa miongo na miongo hawana karatasi, mpaka 2016 wakashika njia kwa miguu kuelekea Nairobi, wakatambuliwa, na Agosti 2017 ndio wakapiga kura kama raia kwa mara ya kwanza. Wapemba wa Kilifi na Kwale wao walingojea mpaka 2023. Watu waliozaliwa hapa, wanavua hapa, wamezika hapa.

Kazi ya kufanya sahii: pita mtaani kwako na daftari, nyumba kwa nyumba, usiulize wampenda nani, uliza tu nani ametimiza 18 hana kitambulisho, nani kimepotea, nani amehama na bado jina liko Malindi na yeye anaishi Mtwapa. Hao wa aina ya tatu ni wengi kuliko unavyodhania na dawa yao ni kuhamisha kituo mapema kwenye ofisi ya IEBC ya eneo bunge, kwa sababu uandikishaji husimamishwa kabla ya uchaguzi na ukishasimamishwa hata ulie. Alafu rejista ikitolewa kila mtu ahakiki jina lake. 2022 ilikua unatuma namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwa SMS ya 70000. Na muhimu, siku ya kura unaenda na kile kile ulichojiandikishia, ukijiandikisha kwa pasipoti beba pasipoti.

Hatua ya 2: chagua kofia moja

Ajenti ni wa chama au wa mgombea. Sheria inaruhusu ajenti mmoja wa chama kwa kila stesheni, na mgombea huru anaweka wake. Ajenti anakula kiapo cha usiri, anaruhusiwa kupinga, kuomba kura zihesabiwe tena, na anatia sahihi fomu. Mwangalizi hana upande, anapewa kibali na IEBC kupitia shirika lake, anatazama na kuandika, haingilii kitu. Ukiona kosa ukiwa mwangalizi unamwambia msimamizi wa kituo kwa heshima (sisi twamwita PO) na unaandika saa ngapi, hupigi kelele.

Usizivae zote mbili. Kuna ndugu yangu mmoja alikua mwangalizi mchana na usiku akaanza kushangilia mtu wake alipoona mbele, na ripoti yake yote ikawa haina maana hata kama aliyoandika yalikua kweli.

Wangine hudharau uangalizi, ati waangalizi wanakula posho na kuandika "uchaguzi ulikua huru na haki". Basi hebu waangalie ELOG. Hili kundi la mashirika ya hapa nyumbani 2022 lilichagua kwa utaratibu wa kitakwimu stesheni kama elfu moja nchi nzima, waangalizi wao wakatuma matokeo yaliyotangazwa mlangoni, na makadirio yao yakamuweka Ruto 50.7%. Tume ikatangaza 50.49%. Vijana elfu moja na simu. Ukipenda ushindani wa siasa kuwa ajenti, ukipenda namba jiunge na watu kama hao.

Hatua ya 3: nani hatafika kwenye foleni?

2022 walioandikishwa walikua 22,120,458 na karibu milioni 8 hawakupiga. Wengine walikataa kwa hiari yao, ni haki yao. Lakini kuna ambao walitaka na hawakuweza, na hawa ndio shughuli yetu.

Mama mwenye mtoto mchanga na foleni ya masaa manne. Mzee asiyeona. Kijana wa kiti cha magurudumu na darasa lenye ngazi tatu. Mvuvi aliyetoka na maji ya alfajiri. Mfanyakazi wa nyumbani ambaye tajiri wake hajamwachia hata saa moja ilhali siku yenyewe ni ya mapumziko. Andika majina, panga nani atakaa na watoto zamu kwa zamu, nani ana bodaboda. Mafuta changeni wenyewe majirani. Gari la mgombea lenye picha yake ubavuni likija kuwabeba watu mliache lipite, hio inakua hongo, na sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 hongo ni faini hadi milioni 2 au jela hadi miaka 6 au vyote viwili, na anayepokea pia yumo.

Wazee, wajawazito, wanaonyonyesha na walemavu wanapitishwa mbele. Wasiachwe waombe, wewe nenda kamwambie karani.

Sasa sikiza hii ya kusaidiwa kupiga kura manake ndipo watu huchezewa. Asiyeona au asiyeweza kutia alama mwenyewe ana haki ya kuja na mtu wake anayemwamini, mwenye umri wa kupiga kura. Huyo msaidizi anajaza fomu 32 akiapa kuficha siri, na anasaidia mtu mmoja tu uchaguzi huo. MMOJA. Ukiona kijana yule yule mwenye kofia nyekundu anaingia na bibi wa tatu, simama. Na asipokua na mtu, PO ndiye anayemsaidia na maajenti wanashuhudia. Mwaka mmoja niliona bi mkubwa anaulizwa kwa sauti "wamtaka nani?" chumba kizima kinasikia, akasema jina kwa sauti ya chini, akaulizwa tena kwa sauti ya juu zaidi. Uso wa yule mama siusahau. Hakuna kura iliyoibiwa pale, lakini sidhani alirudi uchaguzi uliofuata. Kama wewe ni ajenti wajibu wako ni kusema "PO, tusogee karibu tumsikize taratibu", ni sentensi moja tu.

Wanawake wanaogombea nao wanahitaji watu wa kuwasindikiza mikutanoni zaidi ya makofi, haswa usiku. 2017 magavana wanawake walikua 3, 2022 wakawa 7 kati ya 47, Fatuma Achani wa Kwale akiwa mmoja wao. Imepanda, lakini piga hesabu ya asilimia uone kama ni ya kujisifia.

Hatua ya 4: mkoba

Kitambulisho, barua au kibali, beji, daftari, kalamu mbili (sio moja), kalkuleta ya kawaida ya vibonye kwa sababu simu itazima, tochi, powa benki, maji, chakula cha siku nzima mpaka kesho, leso au sweta. Usivae rangi za chama.

Chakula si mzaha. Ajenti mmoja 2013 aliondoka saa tisa mchana kwa sababu chama chake hakikuleta pesa ya lanchi walioahidi, mwengine akaitwa nje "kuna chipsi hapa" na hakurudi mpaka wakati wa kutia sahihi. Aliyetaka kuvuruga hakuhitaji bunduki, alihitaji sahani mbili. Beba mihogo yako ya kuchemsha ukae pale.

Hatua ya 5: asubuhi

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili. Wewe fika saa kumi na moja kasorobo. Kuna mambo manne ya kuona na kuandika kabla ya mtu wa kwanza kuingia: masanduku yakifunuliwa matupu mbele ya watu wote, namba za sili zinazofungwa kila sanduku, namba ya kwanza na ya mwisho ya vitabu vya karatasi za kura, na kifaa cha KIEMS (kile cha kutambua wapiga kura kwa kidole) kikionyesha kwamba bado hakuna aliyetambuliwa. Andika pia walioandikishwa stesheni hio ni wangapi, kisheria hawapiti 700.

Alafu tazama karatasi zenyewe, picha na majina ni ya hapa kweli? Usicheke. 2022 karatasi za ugavana za Mombasa na Kakamega zilikuja na picha za wagombea wa kwengine na uchaguzi huo ukasongezwa mpaka 29 Agosti.

Hatua ya 6: mchana

Hapa ni kukaa tu na macho. Kila saa moja andika KIEMS inasoma watu wangapi. Kidole kikikataa (wakulima, wavuvi na mafundi wa mawe vidole vimesagika, hutokea sana) mtu hafukuzwi, anatafutwa kwa namba ya kitambulisho na fomu 32A inajazwa maajenti wakiona. Hesabu hizo fomu ni ngapi. Kifaa kikifa kabisa kuna rejista iliyochapishwa, 2022 sehemu za Kakamega na Makueni ndiko walikoishia, lakini PO haamui hilo peke yake kichwani mwake, lazima apate idhini kutoka juu.

Karatasi iliyoharibika na kura iliyokataliwa ni vitu viwili tofauti. Mtu akikosea kabla ya kutumbukiza anarudisha na kupewa nyengine, hio imeharibika na haiingii sandukuni. Iliyokataliwa imetoka ndani ya sanduku wakati wa kuhesabu. Mkichanganya haya hesabu ya usiku haitakaa.

Saa kumi na moja jioni foleni inakatwa nyuma, sio mbele. Aliye kwenye foleni saa hio anapiga hata ikifika saa mbili usiku. Kama asubuhi mlichelewa kufungua, muda uliopotea unafidiwa, mkumbusheni PO mapema, sio saa kumi na dakika hamsini.

Simu iwe mfukoni muda huu wote. Kupiga picha karatasi ya kura iliyotiwa alama ni kosa, na ndiyo njia ya anayenunua kura kupata risiti yake.

Hatua ya 7: kuhesabu

Sasa kaa kitako. Kura zinahesabiwa pale pale kwenye stesheni, na ya rais inaanza. Madawati yanasukumwa ukutani, sanduku linakatwa sili (linganisha namba na zile ulizoandika asubuhi!), karatasi zinamwagwa mezani. PO anainua karatasi moja moja, anataja jina, anawaonyesha. Anawaonyesha, narudia, sio anaisoma akiwa ameigeuzia kifua chake. Ukikaa mbali useme "naomba nisogee", usione haya.

Karatasi inakataliwa kama haina alama za usalama za tume, au imetiwa alama kwa zaidi ya mmoja, au haina kitu, au imeandikwa kitu cha kumtambulisha mpiga kura. Lakini alama ikitoka nje ya kiboksi kidogo, au mtu akaweka tiki badala ya X, na nia yake yaonekana wazi, hio kura ni halali. Ugomvi mwingi wa usiku ni huu. Kaa na msimamo mmoja kwa wote, ukiitetea tiki iliyopinda ya mtu wako itetee na ya mpinzani, ukifanya ivo mara moja tu chumba kizima kitakuheshimu mpaka asubuhi.

Alafu kuna hesabu. Chukua mfano: KIEMS imetambua watu 431. Sandukuni mwa rais zimetoka karatasi 431. Zilizokataliwa 4, kwa ivo halali ni 427. Mgombea wa kwanza 214, wa pili 201, wa tatu 8, wa nne 4. Jumlisha, 427. Inakaa. Sasa saa nane usiku, taa ya sola inafifia, karani ananakili kwenye fomu na mkono unaandika 210 badala ya 201. Jumla inakua 436, ongeza zile 4 zilizokataliwa unapata 440 kwenye sanduku la watu 431. Hakuna aliyeiba. Lakini fomu ikishapigwa picha ikaenda ivo, kufika asubuhi iko WhatsApp na mishale myekundu, na kumueleza mtu kwamba ni uchovu hutaweza.

Kuna mbinu ya wahasibu: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, shuku kwanza namba mbili zimebadilishana viti. 440 toa 431 ni 9. Ilitutokea 2022 karibu vile vile, kwenye uwakilishi wa wadi, nikamwambia PO pole pole "mwalimu, hebu tuangalie hapa tofauti ni 18" na akaipata kwa dakika moja. Alinishukuru, alikua yuko macho tangu Jumatatu.

Ajenti usiporidhika una haki ya kuomba zihesabiwe upya kabla ya kutangaza, lakini si zaidi ya mara mbili. Usiitumie kwa hasira. Sema kwanza ni fungu gani, la nani, na kwa nini.

Na kuna fomu sita sio moja: 34A ni rais, 35A mbunge, 36A MCA (mwakilishi wa wadi), 37A gavana, 38A seneta, 39A mwakilishi wa wanawake. Watu hulinda ya rais kama yai alafu saa tisa za usiku wanalala wakati wa MCA, ambaye ndiye mwenye barabara yenu.

Hatua ya 8: fomu

Usitie sahihi fomu tupu. Hata PO akiwa ni mjomba wako, hata akisema ni ya kuokoa muda.

Hukubaliani? Andika sababu kwenye fomu, usisuse ukaenda zako. Sahihi ikikosekana matokeo hayabatiliki kwa hilo peke yake, lakini sababu iliyoandikwa ni ushahidi na kununa nje ya geti sio ushahidi. Ajenti anapewa nakala, nyengine inabandikwa mahali pa watu kuona, picha inatumwa na KIEMS, na fomu yenyewe inapelekwa kwa mkono kituo cha kujumlishia cha eneo bunge ambako inaingia 34B, alafu 34C kitaifa. Ufuate huo msafara. Nusu ya maajenti hulala stesheni ikiisha na huko kwenye 34B anabaki mmoja anasinzia. Mahakama ya Rufaa 2017 ilisema matokeo ya urais yanayotangazwa eneo bunge ndiyo ya mwisho, Nairobi ni kujumlisha, kwa ivo chumba kile si cha kusinzia.

Kwa nini nasumbua watu na karatasi? Kwa sababu mahakama zinatazama karatasi. 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya David Maraga ilifuta uchaguzi wa rais, mara ya kwanza Afrika, na sehemu kubwa ya hoja ilikua matokeo kutumwa bila fomu zake na fomu zengine kukosa alama za usalama. Malawi nao uchaguzi wa 2019 ulifutwa Februari 2020 baada ya fomu kupatikana zimepakwa ile rangi nyeupe ya kufutia makosa. 2022 kwetu tume ikaweka fomu 34A kwenye tovuti kila mtu azione, na ilipodaiwa mahakamani kwamba zimebadilishwa njiani, zikalinganishwa na za mkononi na madai yakaanguka. Rangi ya kufutia isikae mezani penu. Namba ikikosewa inakatwa mstari mmoja, inaandikwa upya, na PO na maajenti wanatia sahihi pembeni.

Piga picha ya fomu ukiwa umesimama juu yake, pembe zote nne zionekane, tochi kwa upande isiakisi. Piga mbili. Tuma kwa watu wawili wa mbali nawe kabla hujatoka chumbani, bando liwe limenunuliwa mchana.

Hatua ya 9: baada ya hapo

Ikifika kwa kesi ya rais ni siku 7 za kuifungua na mahakama ina siku 14 za kuamua, kwa ivo anayeanza kutafuta ushahidi siku ya tano amechelewa. Viti vyengine ni siku 28 baada ya kutangazwa na kesi iishe kwa miezi sita. Amana ya mahakama kwa kiti cha MCA ni laki moja, mbunge au gavana laki tano, usimchochee mtu aende kortini na uvumi akauze shamba.

Ukitumiwa matokeo kwenye simu, tafuta stesheni, fungua fomu yake, linganisha. Jedwali lililochapwa na mtu bila fomu usilisambaze hata likimpendeza mtu wako.

Daftari lako liweke kwenye karatasi ya plastiki na usilitoe mpaka kesi za eneo lenu ziishe. Na hio nakala ya mlangoni usiitegemee. 2022 Alhamisi nilirudi pale shuleni kuchukua sufuria niliyoisahau nikakuta fomu yetu imebaki pembe moja kwenye ile gundi, na mbuzi wa mwalimu mkuu amesimama chini ya dirisha anatafuna.